Balozi hafuti penalti

Tangu Aprili 5, 2024, mpira wa Stephane Aziz Ki wa Yanga ulipogonga mwamba pale Pretoria dhidi ya Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini, ukadunda chini na bao likakataliwa, barua tunazopokea zina ombi lilelile: Serikali iingilie kati. Wengine wanataka balozi aitwe ajieleze. Uchungu tunauelewa, Yanga ilitolewa kwa penalti 3-2 baada ya mechi mbili bila kufungwa bao. Ila ombi hilo halina pa kupitia, na tumeshalijibu mara nyingi.

Ireland walijaribu. Novemba 18, 2009, Thierry Henry wa Ufaransa aliutuliza mpira kwa mkono dhidi yao, William Gallas akafunga, Ufaransa ikaenda Kombe la Dunia. Siku iliyofuata Waziri Mkuu wa Ireland, Brian Cowen, alimfikishia Rais Sarkozy wa Ufaransa jambo hilo mjini Brussels. Sarkozy alitoa pole, akasema asiombwe kufanya kazi ya refa. FIFA ikakataa marudio.

Utaratibu ni huu. Katika Kombe la Dunia, malalamiko huwasilishwa kwa maandishi ndani ya saa 2 baada ya mchezo, na taarifa kamili ndani ya saa 24. Anayelalamika ni shirikisho. Si wizara, si ubalozi, si tawi la mashabiki. Tena uamuzi wa refa kuhusu tukio la uwanjani, liwe bao, penalti au kuotea, haulalamikiwi kabisa.

Upangaji matokeo ni habari nyingine. Novemba 2016 refa Joseph Lamptey wa Ghana aliipa Afrika Kusini penalti dhidi ya Senegal kwa mpira uliogonga goti la Kalidou Koulibaly. Alipatikana na hatia, akafungiwa maisha, mechi ikarudiwa mwaka mmoja baadaye na Senegal ikashinda 2-0. Ushahidi ndio uliorudisha mechi ile.

Maneno makali nayo yana bei. Januari 2024 aliyekuwa kocha wa Taifa Stars, Adel Amrouche, alidai Morocco ina mkono katika upangaji wa waamuzi na saa za mechi. Shirikisho la Morocco likamshtaki. CAF, shirikisho la soka Afrika, ikamfungia mechi 8 na kumtoza faini ya dola 10,000. Taifa Stars ikamaliza AFCON bila yeye. Na serikali ikiingia kwenye uongozi wa soka adhabu huwa nzito zaidi: Kenya ilifungiwa na FIFA kuanzia Februari hadi Novemba 2022.

Kwa hiyo mwenye picha ya video inayoonyesha rushwa, si bao lililokataliwa, aipeleke TFF, shirikisho la soka Tanzania, usiku huohuo, kabla ya kuirusha mtandaoni.