Kyd hakuwa mchoraji wa Dickens

Wengi huamini kwamba Kyd, yaani Joseph Clayton Clarke, ambaye picha zake za rangi za maji za wahusika wa Charles Dickens, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, zinapendwa hadi leo, alivichorea vitabu vyenyewe kwa maelekezo ya mwandishi. Sivyo. Dickens alifariki mwaka 1870, Kyd akiwa bado mtoto, na michoro yake ya wahusika hao ilianza kuchapishwa mwaka 1887. Waliofanya kazi na Dickens ni akina Robert Seymour, George Cruikshank na Hablot Browne, aliyejiita Phiz. Mtazame Bwana Pickwick wa Kyd, mhusika mkuu wa riwaya ya Dickens, The Pickwick Papers: upara, miwani ya duara, kitambi kilichojaa ndani ya kizibao. Umbo hilo lilichorwa kwanza na Seymour mwaka 1836. Kyd alilirithi, akalitia rangi, akamsimamisha mzee huyo peke yake kwenye karatasi, na kwa ustadi huo anastahili sifa yake mwenyewe.