Bajeti Ikipungua, Mwalimu Yupi Aondoke?

Shule za umma za Marekani zinapopungukiwa fedha, jicho la bodi ya wilaya huenda kwanza kwenye mishahara, kwa kuwa ndiyo inayokula sehemu kubwa ya bajeti. Kwa miaka mingi wilaya nyingi zimeamua nani apunguzwe kwa kanuni moja: aliyeajiriwa mwisho huondoka kwanza. Wanaoibeza kanuni hii husahau kwamba tarehe ya kuajiriwa haina upendeleo. Mkuu wa shule hawezi kuitumia kumkomoa mwalimu aliyempinga kikaoni, wala kumwondoa mkongwe kwa sababu tu mshahara wake ni mkubwa.

Lakini machungu yake hayagawanyiki sawasawa. Shule za maeneo maskini, ambako walimu hawadumu, hujaa waajiriwa wapya. Los Angeles ilipopunguza walimu mwaka 2009, shule kadhaa za aina hiyo zilipoteza nusu ya walimu wao au zaidi, na mwaka uliofuata wanafunzi wakaenda mahakamani. Kisha kuna hesabu ambayo wazazi wengi hawaelezwi. Tuseme wilaya inatafuta dola 1,000,000. Ikiwaondoa wanaolipwa 50,000 kwa mwaka, lazima waende 20. Ikiwaondoa wanaolipwa 100,000, watakwenda 10. Kanuni ya ukongwe huacha madarasa mengi zaidi bila mwalimu.

Colorado mwaka 2010, kisha Florida na Michigan mwaka 2011, zilipitisha sheria za kutanguliza tathmini ya utendaji. Hapo ndipo ugumu unapoanzia, maana katika kumpima mwalimu, alama za mitihani ya wanafunzi wake zilipewa uzito usiozistahili. Mwaka 2014 chama cha wanatakwimu wa Marekani kilionya kuwa, katika tafiti nyingi, mchango wa walimu katika tofauti za alama hizo ni kati ya asilimia 1 na 14 tu. Mwalimu yuleyule anaweza kupanda mwaka huu na kushuka mwaka ujao. Wa muziki au wa darasa la kwanza mara nyingi hana hata mtihani wa kupimiwa. Huko Houston, mwaka 2017, jaji wa shirikisho aliruhusu kesi ya walimu iendelee kwa kuwa hawakuwa na njia ya kuhakiki alama walizopewa na fomula ya siri ya kampuni binafsi.

Mimi naamini tathmini ina nafasi yake, ila ijengwe wakati fedha zipo: wakaguzi waliofunzwa, zaidi ya mmoja, waingie darasani mara kadhaa, na mwalimu aambiwe alipokosea huku bado ana muda wa kujirekebisha. Tathmini inayozuka mwaka uleule wa kupunguza watu haitaaminiwa na yeyote, na sioni kwa nini iaminiwe.

Sheria ya Illinois ya mwaka 2011 haikuchagua upande mmoja. Walimu hupangwa kwanza katika makundi kwa matokeo ya tathmini, na wenye matokeo dhaifu hutangulia kuondoka. Ndani ya makundi ya walimu wazuri, miaka ya utumishi ndiyo huamua.