Je, wajua kwa nini amplifaya ya tyubu hufia mikononi mwa aliyeazima?

Wenye ampu za gitaa za zamani kama Fender Twin au Marshall wanaijua hii: mashine imepiga miaka na miaka bila shida, umemuazima mshkaji kwa shoo moja tu, inarudi imekufa. Ugomvi unaanza hapohapo, ameichoma, hajaichoma. Kabla hamjakosana tuangalie kwanza ndani kuna nini.

Tyubu ni chupa ya kioo iliyonyonywa hewa yote, ndani yake kuna filamenti inawaka kama balbu za zamani ili elektroni zitoke, halafu zinavutwa na bamba ambalo kwenye zile tyubu kubwa za mwisho linakaa kwenye volti 400 na zaidi. Joto kali, volti kali, na vyuma vyembamba vimesogeleana kwelikweli. Kitu cha namna hiyo kinachakaa tu hata ukipiga peke yako chumbani, ndio maana kimewekwa kwenye soketi, kichomolewe kibadilishwe.

Sasa kuazimana kunaongeza safari. Shoo imeisha usiku wa manane, watu wamechoka, ampu inazimwa na dakika hiyohiyo inarushwa nyuma ya pikapu wakati tyubu bado za moto, mtikisiko mmoja vyuma vya ndani vinagusana au kioo kinapata ufa. Ukiona ile rangi ya fedha kwenye kioo imegeuka nyeupe, hewa imeingia, hiyo tyubu basi tena.

Lakini tyubu ni afadhali. Kinachouma ni transfoma ya kutolea sauti, ile inayopeleka nguvu ya tyubu kwenye spika, na hii inakufa kwa kosa dogo sana: kuwasha ampu na kupiga bila spika kuunganishwa. Aliyezoea ampu za transista hawezi kujua, maana zile hazijali ukiziacha bila spika, zenyewe zinaogopa waya za spika zikigusana. Ya tyubu ni kinyume, nguvu ikikosa pa kwenda volti zinaruka juu mno, cheche zinapiga kwenye soketi na transfoma inatoboka insulesheni. Na waya wa gitaa usitumike kwenye spika hata kama plagi inaingia, ni mwembamba mno kwa kazi hiyo.

Halafu kuna ampu zinazoletwa na ndugu kutoka Marekani, za volti 120, hazina swichi ya kubadilishia. Ukiichomeka kwenye umeme wetu wa 230 au 240 kwa adapta ya plagi tu, filamenti ya volti 6.3 inapokea kama 12. Fyuzi ikiwahi kukatika, shukuru.

Kwa hiyo ukimuazima mtu, mpe na waya wa spika wa hiyo ampu, mpe na transfoma ya kushushia umeme kama inahitajika, na mwambie aiache ipoe kabla ya kuibeba. Ikirudi inapiga kelele au inalia ting ting, ziguseguse tyubu ndogo kwa penseli ya mbao huku imewashwa, inayolia kwenye spika ndiyo mbovu, na hiyo ingeweza kufa hata kwako jamani, usimdai mtu ampu nzima. Bamba la tyubu kubwa likiwa jekundu lote, zima mara moja umpelekee fundi, usifungue mwenyewe hata ukishachomoa umeme, kapasita za ndani zinabaki na chaji ya kuua.