Risasi ya ncha si dawa ya bawa lililopotoka

Kwenye ndege ya mfano inayoongozwa kwa waya, risasi ya ncha ni kipande cha madini mazito ya risasi kinachofichwa mwisho wa bawa la nje. Bawa la ndani ndilo linalobeba uzito wa waya mbili zinazokwenda hadi kwa rubani aliyesimama katikati ya duara, kwa hiyo upande wa pili nao hupewa mzigo wake. Gramu 30 hivi zinatosha ndege nyingi za sarakasi.

Wapo wanaodai risasi hiyo ndiyo inayokaza waya. Piga hesabu: ndege ya kilo 1.3 ikizunguka kwa kilomita 85 kwa saa kwenye waya za mita 19 humvuta rubani kwa nguvu kama ya kilo 4. Gramu 30 za risasi huongeza hapo kama gramu 90 tu. Mwendo ndio unaokaza.

Hilo naweza kulivumilia. Linaloniudhi ni fundi aliyeacha gundi ikauke bila kulibana bawa mezani, likapotoka, kisha akaiona ndege ikiruka bawa la nje limelala. Anatoboa ncha, anapunguza risasi, anatangaza kwamba amesawazisha. Aigeuze chali aone! Uzito huvuta kuelekea ardhini, ndege iwe imelala vyovyote. Bawa lililopotoka halifuati ardhi, linafuata mwili wa ndege: linaloinama ikiruka kawaida litainuka ikiruka chali. Kwa hiyo bawa la nje likiinama kote kuwili, risasi imezidi. Likiinuka kote kuwili, imepungua. Likiinama huku na kuinuka kule, limepotoka, na hapo hata ukiongeza au ukipunguza gramu ngapi utaponya upande mmoja na kuharibu mwingine.

Dawa yake ni joto. Kama bawa limevikwa plastiki inayojikaza kwa pasi, mwombe mwenzako alinyonge kinyume, kupita kidogo pale unapotaka likae, upitishe pasi juu na chini, na asiachie mpaka lipoe. Likirudi baada ya siku kadhaa, rudia.

Risasi uiguse baadaye, bawa likishanyooka. Huenda ukakuta ile ya mwanzo ilikuwa sawa kabisa.