Majina ya Mafaili katika Miradi Mikubwa ya Programu Huria: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Katika mji wa Tanga, kuanzia Chumbageni hadi Ngamiani, wako vijana wanaojifunza kuandika programu kwa kompyuta ndogo zenye Windows na kwa bando la simu, na baadhi yao wanatamani siku moja mchango wao ukubaliwe katika mradi mkubwa kama kerneli ya Linux (kiini cha mfumo huo wa kompyuta), Chromium (msingi wa kivinjari cha Chrome) au Kubernetes (mfumo wa kuendesha programu kwenye seva nyingi). Akili yao yote huwa kwenye msimbo wenyewe, ilhali jina la faili huchaguliwa mwishoni, kwa haraka, kana kwamba ni lebo tu isiyo na kazi nyingine. Dhana zilizojengeka juu ya uzembe huo ni nyingi. Hapa nimechukua zile ambazo naona zinawagharimu wanaoanza muda na bando.

Dhana: Herufi kubwa na herufi ndogo ni suala la mapambo

Kwenye Linux, `xt_DSCP.c` na `xt_dscp.c` ni mafaili mawili tofauti, na kwa miaka mingi yote mawili yamekaa pamoja katika folda moja ya kerneli iitwayo `net/netfilter`. Waliyaita hivyo kwa makusudi. Kwa desturi ya sehemu ile, herufi kubwa huonyesha msimbo unaoitendea jambo pakiti ya data inayopita kwenye mtandao, na herufi ndogo huonyesha msimbo unaoichunguza tu ili kujua kama inalingana na sharti lililowekwa. Anayeifahamu desturi hiyo huielewa kazi ya faili kabla hajalifungua.

Tatizo huanza pale msimbo huo unapopakuliwa kwenye Windows, au kwenye macOS jinsi inavyowekwa kwa kawaida, kwa sababu mifumo hiyo huhifadhi herufi kama zilivyoandikwa lakini haizitofautishi inapotafuta faili. Majina mawili huwa jina moja, faili moja huandikwa juu ya jingine, na dakika hiyohiyo Git, programu inayotunza historia ya msimbo, hutoa taarifa kwamba kuna faili lililobadilishwa, ingawa hakuna mtu aliyeligusa. Mwanafunzi hudhani ameharibu kitu, hufuta kila kilichopakuliwa na kuanza upya, kisha hukutana na taarifa ileile.

Jambo hili limewahi kugusa hata usalama. Mnamo Desemba 2014 ilitangazwa hitilafu iliyopewa namba CVE-2014-9390. Git ilikuwa ikikataa kupokea folda iitwayo `.git` kutoka ndani ya mradi wa mtu mwingine, kwa kuwa folda hiyo ndiyo yenye mipangilio ya Git yenyewe, lakini haikukataa `.Git` wala `.GIT`. Kwenye kompyuta isiyotofautisha herufi, folda hiyo ya bandia iliingia moja kwa moja mahali pa folda halisi, na hivyo mtu mwenye nia mbaya aliweza kuendesha amri zake kwenye kompyuta ya aliyepakua mradi. Marekebisho yalitolewa wakati huohuo.

Dhana: Jina linalokubalika kwenye kompyuta yangu litakubalika kwenye kila kompyuta

Windows imerithi kutoka MS-DOS, mfumo wa zamani wa Microsoft, orodha ya majina ya vifaa ambayo faili haliruhusiwi kuyatumia: CON, PRN, AUX, NUL, kisha COM1 hadi COM9 na LPT1 hadi LPT9. Ndani ya kerneli ya Linux kuna faili la dereva wa kadi za picha lenye jina `aux.c`, jina la kawaida kabisa kwa waliolibuni. Anayepakua kerneli nzima kwa Git ya Windows huambiwa kwamba njia ya faili hilo si halali. Historia yote inakuwa imeshashuka na bando limeshakwenda, lakini mafaili ya kufanyia kazi hayatolewi. Hapo hakuna haja ya kupakua tena kutoka mwanzo, kwa kuwa kilichoshuka kimehifadhiwa ndani ya folda ya `.git`. Njia iliyo rahisi tangu mwanzo ni kufanya kazi ndani ya WSL (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows), kwenye diski ya upande wa Linux wenyewe, na kuiomba Git toleo la mwisho pekee kwa `--depth 1`.

Kuna pia alama zinazokatazwa na Windows, zikiwemo nukta pacha, alama ya kuuliza na nyota. Anayeweka saa katika jina la faili, kwa mfano `10:30`, huwa amewafungia mlango watumiaji wote wa Windows.

Sisi tunaoandika Kiswahili tunadhani tumesalimika, kwa sababu herufi zetu zote zimo katika alfabeti ya msingi ya kompyuta. Zimo kweli, isipokuwa tuna ritifaa ya ng'. Tuseme mtu anakusanya bei za samaki katika soko la Deep Sea na kuliita faili lake `bei-ya-ng'onda.csv`. Akiliandika jina hilo kwenye dirisha la amri la Linux bila kulifunga vizuri, ritifaa ile huchukuliwa kuwa mwanzo wa maneno yaliyonukuliwa, na kompyuta hukaa ikisubiri ritifaa ya pili isiyokuja. Kibaya zaidi, programu za kuandikia nyaraka na baadhi ya simu hubadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda. Machoni ni alama moja; kwa kompyuta, iliyonyooka ni baiti moja na iliyopinda ni baiti tatu, kwa hiyo mwenzako akitafuta faili kwa jina uliloandika wewe, huambiwa halipo. Naona heri kuandika `ngonda` katika jina la faili na kuiacha tahajia sahihi ndani ya faili lenyewe, ingawa najua walimu wa lugha hawatafurahi.

Dhana: Kompyuta haijali faili linaitwaje, inasoma kilichomo tu

Katika lugha ya Go, jina la faili ni sehemu ya maagizo ya ujenzi wa programu. Faili linaloishia na `_test.go` huingizwa wakati wa majaribio pekee. Faili linaloishia na `_windows.go` au `_linux.go` hujengwa kwa ajili ya mfumo huo tu, na linaloanza na kistari cha chini au nukta hupuuzwa kabisa. Sasa mchukue kijana anayetengeneza huduma ya bei za samaki, naye akaliita faili lenye msimbo unaohusu simu `huduma_android.go`. Anapojenga programu kwenye kompyuta yake ya Windows, kompaila (programu inayougeuza msimbo kuwa programu) inamwambia kwamba vitendaji alivyoviandika havipo. Anavisoma, anaviona, anahakikisha tahajia, na bado havipo, kwa sababu jina la faili limekwisha kusema kwamba kilichomo ni cha Android pekee.

Java nayo hudai kwamba darasa la umma likae katika faili lenye jina lilelile, herufi kwa herufi. Python husoma kistari cha kawaida katika amri ya `import` kama alama ya kutoa, ndiyo maana moduli zake huandikwa kwa kistari cha chini. Na anayeliita faili lake `random.py` huizuia maktaba yenye jina hilo isifikiwe na programu iliyo katika folda hiyo.

Dhana: Ukiweka namba, mpangilio utakuwa sawa

Barabara za Ngamiani huitwa kwa namba. Mtu akiandaa faili moja kwa kila barabara, `barabara-1` na kuendelea, kisha akaiomba Linux iyapange, atakuta `barabara-10` limetangulia `barabara-2`, kwa sababu kompyuta inalinganisha alama moja baada ya nyingine na 1 iko kabla ya 2. Kinachopotosha ni kwamba dirisha la mafaili la Windows hupanga kwa thamani ya namba, kwa hiyo kosa halionekani hadi msimbo ufike kwenye seva.

Pale ambapo mpangilio ndio utaratibu wa kazi, athari yake si ya kuchekesha. Mafaili ya kanuni za udev (sehemu ya Linux inayoshughulikia vifaa vya kompyuta) husomwa kwa mfuatano wa majina yake, hivyo linaloanza na `9-` litasomwa baada ya linaloanza na `10-`. Ndiyo sababu Django, mfumo wa Python wa kutengenezea tovuti, huanza mafaili yake ya kubadilisha hifadhidata na `0001_initial.py`, sifuri zikiwa zimejazwa mapema. Mradi wa Git umekwenda mbali zaidi: majaribio yake huitwa kwa tarakimu nne, kama `t0000-basic.sh`, ambapo tarakimu ya kwanza hutaja kundi, 0 ikiwa ya mambo ya msingi kabisa na 4 ikiwa ya amri za kulinganisha tofauti. Kubernetes nayo huyaanzisha mafaili yaliyoandikwa na mashine kwa `zz_generated`, ili yaende mwisho wa orodha yasiwasumbue wasomaji.

Dhana: Kila lugha ina kanuni moja ya majina

LLVM (mradi wa zana za kujengea kompaila) na Chromium zote zimeandikwa kwa C++. Katika LLVM utakuta `BasicBlock.cpp`, na katika Chromium utakuta `file_path.cc`. Blink, injini ya kurasa iliyotengwa kutoka WebKit mwaka 2013, ilianza na majina yenye herufi kubwa kama ya mzazi wake, kisha ikayabadilisha ili yafanane na Chromium. Kubernetes huagiza kistari cha chini kwa mafaili ya Go na kistari cha kawaida kwa nyaraka, ndani ya mradi mmoja. Kerneli ya Linux ina `i2c-dev.c` upande mmoja na `drm_file.c` upande mwingine. Moduli inayotokana na faili la kwanza huonekana kwa jina `i2c_dev`, na amri ya `modprobe`, inayopakia moduli, haitofautishi vistari hivyo viwili. Kanuni inayomhusu mchangiaji ni ile ya folda anayoingia.

Dhana: Kusahihisha majina ni mchango mwepesi wa kuanzia

Anayeona mchanganyiko huo hushawishika kuusafisha, akiamini kwamba Git itakumbuka jina la zamani. Git haiandiki popote kwamba faili limebadilishwa jina. Hukisia baadaye, kwa kulinganisha yaliyomo, na kiwango chake cha kawaida ni ufanano wa asilimia 50. Anayebadilisha jina na kuandika upya zaidi ya nusu ya msimbo kwa mkupuo mmoja huikata historia ya faili, na `git log --follow` hukomea pale. Kwa hiyo mabadiliko ya jina huwasilishwa peke yake, na mabadiliko ya msimbo huwasilishwa baada yake.

Hata yakiwasilishwa vizuri, kuna wanaobeba gharama. Kiraka cha kurekebisha hitilafu kinachopelekwa kwenye matoleo ya zamani huenda kikalikosa faili, kwa kuwa huko bado linaitwa jina la awali. Faili la Makefile au CMakeLists, lenye maagizo ya ujenzi, linalolitaja lazima nalo libadilishwe. Na katika kerneli kuna faili la MAINTAINERS, ambalo hutaja wasimamizi wa kila sehemu, na mistari yake inayoanza na `F:` hutaja njia za mafaili wanayoyasimamia. Hati ya `get_maintainer.pl` huisoma mistari hiyo ili kumwambia mchangiaji ampelekee nani kiraka chake. Faili likipewa jina jipya na mstari wake ukasahauliwa, viraka vyake vya baadaye huenda visimfikie msimamizi aliyekuwa akilitunza.