IRIS: darubini inayochunguza tabaka la chini la angahewa ya Jua
Uso wa Jua tunaouona kila siku, uitwao fotosfia, una joto la nyuzi 5,500 hivi za Selsiasi. Juu yake sana iko korona, tabaka la nje la angahewa ya Jua, ambayo joto lake hupita nyuzi milioni moja ingawa iko mbali zaidi na kiini kinakozalishwa nishati yote. Wanaastronomia wamehangaika na jambo hili tangu miaka ya 1940. Sehemu kubwa ya jibu inatafutwa katika kromosfia, tabaka lililo juu tu ya fotosfia, na katika ukanda mwembamba wa mpito unaofuata, ambamo joto hupanda ghafla.

Jua linapopatwa kikamilifu, kama ilivyotokea Pakwach, Uganda, tarehe 3 Novemba 2013, kromosfia hujitokeza kwa sekunde chache kama ukingo mwekundu. Muda huo hautoshi kuichunguza. Isitoshe, nuru inayobeba habari nyingi zaidi za tabaka hilo ni ya urujuanimno, isiyoonekana kwa macho, na sehemu yake kubwa humezwa na ozoni na gesi nyingine kabla ya kufika ardhini, jambo ambalo ni kinga muhimu kwa ngozi na macho yetu. Kwa sababu hiyo, Juni 2013 NASA ilirusha setilaiti ya IRIS kwa roketi ya Pegasus, iliyoachiliwa kutoka kwenye ndege karibu na pwani ya California.

Kioo cha darubini yake kina kipenyo cha sentimita 20 hivi tu, lakini huweza kupambanua vitu vya upana wa kilomita 240 hivi juu ya Jua. Nuru hupitishwa kwenye ufa mwembamba, kisha hutawanywa kufuata urefu wa mawimbi yake. Ayoni (atomu zilizopoteza elektroni) za magnesi, zing'aazo karibu na nanomita 280, hueleza hali ya kromosfia. Zile za silikoni, karibu na nanomita 140, huonyesha gesi iliyofikia nyuzi 80,000 hivi. Gesi ikisogea kuja kwetu mawimbi hufupika, ikienda mbali hurefuka, na kwa hiyo tunapata pia kasi yake. Kwa maoni yangu, thamani kuu ya IRIS iko hapa, kwa kuwa picha pekee huonyesha kwamba mahali pameng'aa bila kusema kama gesi inapanda au inashuka.

Mwaka 2014, mtafiti wa Jua Hardi Peter na wenzake walitumia vipimo vya IRIS kueleza kwamba ndani ya gesi baridi iliyo karibu na fotosfia kuna mifuko iliyopashwa hadi nyuzi 100,000 hivi, mahali ambapo mistari ya uga sumaku yenye mielekeo kinyume hukutana, hukatika na kuungana upya. Mwaka 2017, Juan Martínez-Sykora na wenzake walilinganisha vipimo vya IRIS na hesabu za kompyuta, wakaonyesha kwamba chembe zisizo na chaji huuwezesha uga sumaku uliokazwa kupenya hadi juu na kurusha michirizi ya gesi iitwayo spikula. Mjadala unaoendelea ni kuhusu kiasi: ni sehemu gani ya joto la korona inayoletwa na mawimbi ya sumaku yanayopanda kupitia kromosfia, na ni ipi inayotokana na milipuko midogo isiyohesabika.