Antibiotiki Zilizobaki Hazisafishi Majitaka
Ujumbe unaozunguka katika makundi ya WhatsApp hapa Mwanza unadai kwamba kumwaga chooni vidonge vya antibiotiki vilivyobaki huua vijidudu na kulikinga Ziwa Victoria. Si kweli. Katika mabwawa ya majitaka, bakteria ndio wanaofanya kazi ya kula uchafu, huku mwani ukiwapatia oksijeni. Antibiotiki zinaweza kuwadhoofisha, na wanaosalimika ni wale sugu, ambao huweza kuwapa wenzao, hata wa jamii nyingine kabisa, vinasaba vya usugu. Mkanganyiko huu unaeleweka, kwa kuwa tumezoea kusikia bakteria wakitajwa pamoja na ugonjwa tu. Anayetaka kuhakiki asome kikaratasi kilichokunjwa ndani ya boksi la dawa, kwani vingi hukataza kutupa dawa kwenye maji. Tafadhali, usiusambaze ujumbe huo. Vidonge vilivyobaki mpelekee mfamasia akuelekeze.